Hapana Zao Zote Ni za Babu Mmoja

Shangazi yangu alifundisha lugha za Ulaya maisha yake yote na Ulaya yenyewe hakuikanyaga. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu ndilo linaloniuma, na anayeniambia nisahau namwona hana akili.

Darasa lake lilikuwa chumba cha juu ya karakana ya seremala. Msumeno ukianza kazi chini, wanafunzi huko juu ilibidi wapayuke Kifaransa chao, na wakitoka wana unga wa mbao mpaka kwenye kope. Walikuwa wauguzi, wapishi, madereva, watu waliokwisha kuamua kuondoka. Walitaka wafundishwe upesi kuomba kazi na kuuliza njia. Shangazi hakuwa na haraka hiyo. Kwanza maneno mafupi: mbili, tatu, pua, usiku, hapana. Alichora babu mmoja wa kale juu kabisa ya ubao, na chini yake watoto na wajukuu, kama watu wanavyochora ukoo. Usiku, Mjerumani anasema nacht, Mfaransa nuit, Mhispania noche, Mwitaliano notte.

"Hawa ni ukoo mmoja," anasema akigonga ubao. "Wametawanyika, wameoa huko na huko, matamshi yamewaharibika, lakini ukiwatazama usoni huwezi kuwakana."

Wanafunzi wakampachika jina la Bibi Nasaba, naye akalipenda.

Somo la hapana ndilo lililokuwa na raha yake. No, non, nein, nyet. "Hapana yao wameirithi kwa babu, ni ile ile. Lakini ndiyo? Wapi! Mfaransa kaokota oui yake, Mhispania sí yake, Mjerumani ja, Mrusi da, kila mtu na lwake. Kwa hiyo mkifika huko, mkikataliwa mtaelewa popote. Mkikubaliwa, ulizeni tena." Darasa zima hoi kwa kicheko. Mpishi mmoja aliyekuwa anakwenda kwa Wagiriki akaonywa peke yake kwamba kule nai ni ndiyo, asije akabeba begi lake akaondoka wakati kazi ameshapewa.

Benchi la mbele alikaa binti yake wa pekee, binamu yangu. Tulilelewa pamoja, tukala sahani moja, tukapigwa kwa makosa yale yale. Akaenda kusoma, akaolewa na Mholanzi, akabaki huko. Kila akipiga simu ni wimbo mmoja: "Mama, jiandae, nakuja kukuchukua." Shangazi macho yalianza kufifia, magoti yakawa yanazigomea ngazi za karakana, na kitu pekee alichokitaka duniani kilikuwa kuzeeka karibu na mwanawe. Mwaka huo binamu akasema safari hii ni kweli, likizo ikianza tu.

Shangazi akaamini. Akafunga darasa. Chumba akakirudisha kwa mwenyewe, viti akagawa, ubao akampa seremala.

"Shangazi, ubao si ungeuacha kwanza?" nikamwambia.

"Unaniona naingia kwenye ndege na ubao kichwani?" Akacheka mpaka akakohoa. Sanduku akalipanga, akalipangua, akalipanga tena.

Binamu akaja, ananukia vizuri, na chokoleti zilizokwisha kuyeyuka. Mama yake akigusia safari, yeye anauliza ukuta huu mliupaka rangi lini. Akigusia tena, kichwa kinamuuma. Mimi nilianza kunusa jambo.

Mchana mmoja tuko mezani, mumewe akapiga simu. Binamu akajibu kwa Kiholanzi pale pale, kijiko mkononi, hata sauti hakushusha. Kiholanzi nyumbani kwetu hakikuwahi kufundishwa, maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kukitaka, kwa hiyo binamu alijiona yuko chumbani peke yake. Mimi nilisikia mtu anasafisha koo tu. Shangazi alikuwa anachambua mifupa ya samaki. Mkono ukasimama. Akainuka taratibu na sahani yake, akaingia jikoni, nikamfuata.

"Sikuelewa yote," akasema huku akifungulia maji ili tusisikike. "Lakini kasema nee. Kasema mijn moeder komt niet. Kasema oud, kasema huis. Wewe umekaa darasani kwangu. Nee ni nani?"

"Ndugu yake nein."

"Oud?"

"Wa kwa kina alt ya Mjerumani. Mzee."

"Basi unganisha."

Nikaunganisha. Hapana, mama yangu haji. Ni mzee. Ana nyumba yake.

Damu ilinipanda. Nilishageuka kwenda kumkabili, Shangazi akanidaka mkono, vidole vimejaa povu. "Mwache aseme mwenyewe. Ni mwanangu. Atasema."

Hakusema. Jioni akaja na uongo mkavu, macho yako kwenye simu: "Mama, karatasi za ubalozini zimekwama. Si unawajua wale watu? Labda mwakani."

"Haya, mwanangu."

Na bado Shangazi akawa anampa nafasi. Akimsuka nywele anamuuliza, huna la kuniambia? Akimpakulia chakula anamuuliza tena. "Sina, Mama, lipi tena?" Mimi naosha vyombo kwa kuvigonganisha, kikombe kimoja kikavunjika na sikujuta.

Sikumchukia kwa kukataa. Huenda nyumba yao ni ndogo, huenda mume hataki, mambo ya watu siyajui. Lakini amekulia chini ya ubao ule! Mama yake alimfundisha kumtambua ndugu hata akimkuta ugenini kavaa nguo nyingine, halafu anakaa mbele ya mama huyo huyo anamkana kwa lugha ya jirani.

Siku ya kuondoka teksi ilisimama mlangoni. Binamu akamkumbatia mama yake, machozi tele. "Mwakani basi, Mama. Utanisubiri, si ndiyo?"

"Nee," Shangazi akasema.

Mkono wa binamu ulibaki kwenye mlango wa gari. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, uso ukamshuka. "Mama, kumbe siku ile..."

"Dereva anakusubiri. Nenda salama."

Teksi ilipoondoka Shangazi akalivuta sanduku mwenyewe hadi kitandani, akanituma kwa seremala nikauulizie ubao. Seremala akajishika kichwa. Alikuwa ameshaupasua, ametengenezea rafu za mteja.

Nilirudi nikamkuta ameketi, nguo zote za safari ziko mapajani. Nikamwambia. Akauliza kama rafu zenyewe zilitoka vizuri.