Mizani Sita za Arvid Saari

Arvid Saari alikuwa na uzito wa ratili mia tatu sabini na moja, na hilo alilikubali bila ugomvi. Alichokataa ni kuitwa mnene. Yeye alijiita mpana. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa ameendesha gari la wilaya la kusukuma theluji, na kila aliyemwambia kwamba kiti cha gari lile kimelala upande mmoja alijibiwa kwamba kiti ndicho kibovu.

Tungemwacha na upana wake, maana huku kwetu Michigan ya juu, ng'ambo ya daraja kuu, watu wembamba ni wachache na huonewa huruma. Lakini kulikuwa na habari ya baba yake. Mzee Saari alianguka kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka hamsini na sita. Leonard, kaka yake Arvid, naye alianguka akiwa na hamsini na sita vilevile, mikononi ana kuni. Wote wawili walikuwa wapana. Mwezi wa Mei Arvid alitimiza hamsini na mitano, na mkewe Lorna hakuoka keki.

"Keki yangu iko wapi?" Arvid aliuliza.

"Utaila ukifika hamsini na saba," Lorna akasema. "Hiyo nitaioka ya ghorofa tatu. Leo kuna karoti."

Wiki ile ile alimpeleka kliniki kwa Gail Perreault, muuguzi mkuu, ambaye ndiye anayeiendesha kliniki yetu, kwa kuwa daktari huja Jumanne tu, tena kama barabara imesafishwa. Gail alimpima sukari, akampima presha, akamwuliza Lorna habari za mkoromo. Kisha akasema kwamba mambo ya kupunguza chakula wameyajaribu miaka kumi, na sasa iliyobaki ni tumbo lipunguzwe kwa kisu. Bima ya wilaya ingelipa, alisema, mradi wapate daktari wa kupasua anayeipokea.

"Mradi," Lorna akarudia, kwa kuwa amewahi kushughulika na bima.

Kampuni ya bima iliwatumia orodha ya majina saba. Lorna aliibandika kwenye mlango wa friji, mahali ambapo Arvid hawezi kukosa kuiona, akaanza kupiga simu kila siku baada ya chai. Daktari wa kwanza alikuwa amefariki. Mjane wake alipokea simu, na kwa kuwa alikuwa mpweke na Lorna si mtu wa kukata mazungumzo, waliongea dakika arobaini juu ya maua ya bustani. Wa pili alikuwa akipasua mikono tu, mwili mwingine haujui. Wa tatu alihamia Arizona, na mtu aliyepokea simu alisema yuko kiwanjani anacheza gofu, je, ni dharura? Lorna alimtazama Arvid, aliyekuwa akitafuta kitu kabatini, akasema bado.

Wa nne aliwapa matumaini makubwa. Alikuwa Wisconsin, jimbo jirani, mwendo wa saa tatu, na nusu ya watu wetu waliowahi kupunguzwa walipunguzwa na yeye. Lakini bima ya Arvid huishia mpakani.

"Kwa hiyo nikivuka mpaka nakuwa mtu mwingine?" Arvid akauliza.

"Ukivuka mpaka unakuwa mtu wa kujilipia," Lorna akasema, akalikata jina la yule wa nne kwa mstari.

Wa tano alikuwa ameacha kuipokea bima ile mwaka uliopita. Namba ya sita ililia mlio wa faksi. Lorna aliipiga mara nne, na mara ya nne aliitukana ile faksi kwa upole, kama mtu wa kanisani.

Wa saba alikuwa Daktari Nasrin Haddadi, kusini kabisa, saa saba kwa gari. Karani wake alisema ndiyo, wanaipokea. Lorna akaomba arudie. Karani akarudia, kisha akaongeza kwamba mkataba wa daktari na kampuni ile unakwisha tarehe thelathini na moja Januari, na hautafanywa upya. Atakayekuwa amepasuliwa kabla ya hapo, sawa. Baada ya hapo, pole.

Sasa ilikuwa Juni. Muda ulitosha, lakini bima ilikuwa na sharti lake. Kabla ya kisu, mgonjwa apimwe uzito na mhudumu wa afya mara sita, miezi sita mfululizo, ili ionekane kwamba anajitahidi, na kati ya mara moja na nyingine zisipite siku thelathini na tano. Zikipita, anaanza moja. Lorna alipiga hesabu kwenye kalenda ya duka la kaka yake: Juni mpaka Novemba, kisha barua, kisha kisu kabla ya Januari kwisha. Akianza moja, basi tena, na wa nane hayupo.

Arvid alijitahidi, hatumnyimi haki yake. Pai ya nyama na viazi, ambayo zamani alikula mbili na kuuliza kama kuna ya tatu, sasa alikatiwa nusu. Mkate wa iliki wa mama yake Lorna alinusa tu. Jumamosi alikaa kwenye sauna, kile chumba cha mvuke, mpaka akawa mwekundu, akitumaini kwamba jasho nalo linahesabiwa. Wenzake kazini waliacha kula maandazi mbele yake, wakawa wanaenda kuyala nyuma ya rundo la chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, na Arvid aliwaambia kwamba harufu haizuiliwi na chumvi. Kila mwezi Gail alimpandisha kwenye mizani na kuandika. Tarehe kumi na moja Oktoba alikuwa mia tatu hamsini na nne.

"Novemba tukuweke lini?" mtu wa mapokezi pale kliniki aliuliza, akifungua daftari. "Mwisho wako ni tarehe kumi na tano."

Wote watatu, yeye, Arvid na Lorna, walitazamana. Kisha wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka mtu akitaja jambo lisilowezekana. Tarehe kumi na tano Novemba ndipo msimu wa kuwinda kulungu unapofunguliwa. Shule zinafungwa. Kliniki inafungwa wiki nzima. Hata padri hufupisha maombi.

"Na kabla ya hapo tumejaa. Basi ishirini na saba," akasema wa mapokezi.

"Ishirini na saba ni sawa," Lorna akasema, yule yule Lorna aliyehesabu siku kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Hata mimi ningesema hivyo. Huku kwetu kumi na tano si tarehe.

Kampuni ya bima haikuwa na habari hiyo. Mwanzoni mwa Desemba ilikuja barua ya aya mbili. Kati ya mizani ya tano na ya sita zimepita siku arobaini na saba. Ombi limekataliwa. Bwana Saari anakaribishwa kuanza upya.

Lorna aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaenda dukani kwa kaka yake Clayton, anayeuza misumari, rangi na risasi, akaketi juu ya ndoo ya rangi, akasema kwamba amemwua mumewe kwa ajili ya kulungu. Clayton alikuwa amezoea kutaniwa na dada yake, hakuzoea kumwona akilia. Alizunguka duka mara mbili akipanga vitu vilivyokuwa vimepangwa tayari.

"Lakini Arvid si alipimwa ile siku ya kumi na tano," akasema mwishowe.

"Alipimwa wapi?"

"Hapo nje. Wewe ulikuwa ndani unauza kahawa."

Ilikuwa hivi. Kila mwaka, siku ya kwanza, wawindaji huleta kulungu wao mbele ya duka la Clayton, wanawatundika kwenye boriti ndefu, wanawapima, na dume mzito anapewa zawadi. Mwaka huu kulungu walikuwa wadogo, kila mtu ana uchungu, ndipo mmoja akasema kwamba kitu kizito kuliko vyote kilichotoka porini leo ni Arvid. Arvid alikuwa bado amevaa ile mikanda ya kujifunga juu ya mti wakati wa kuvizia kulungu, ya mabegani na mapajani, na alikuwa na furaha kwa sababu suruali ilikuwa inamlegea. Alisema haya, nipimeni, mtaona aibu. Wakamfunga kwenye ndoana ya mizani, Clayton akazungusha winchi, na Arvid Saari akapanda juu polepole, katikati ya madume wawili, akipunga mkono.

"Nani aliandika?" Lorna aliuliza. Machozi yalikuwa yamesimama.

"Gail, kama kila mwaka. Hakuna mwingine tunayemwamini na namba."

Walifungua kitabu cha uzito wa kulungu. Ukurasa ulikuwa na doa la damu pembeni, na mstari wa tisa ulisema, kwa mwandiko wa Gail: Saari, A., ratili mia tatu arobaini na tisa, pamoja na buti. Pembe: hakuna. Mbele yake Gail alikuwa ametia sahihi, kama alivyotia kwa kulungu wote.

Lorna alipiga simu kwenye bima palepale, kwa simu ya duka. Baada ya muziki mrefu alipokea mwanamke aliyejitaja kwa jina la Odessa. Lorna aliuliza ni nini hasa kinachohesabika kuwa mizani. Odessa alimsomea: mhudumu wa afya mwenye leseni, mizani iliyokaguliwa, uzito uandikwe na utiwe sahihi siku hiyo hiyo.

Lorna akafunika simu kwa kiganja. "Mizani yako imekaguliwa?"

"Na serikali, mwezi wa Septemba," Clayton akasema, ameumizwa na swali. "Pana zawadi hapa, wewe."

"Na Gail ana leseni?"

"Zote mbili. Ya uuguzi na ya kulungu."

Ukurasa ulipelekwa, na cheti cha mizani, na barua ya Gail isemayo kwamba siku hiyo alimwona mgonjwa akining'inia, akiwa na afya na fahamu zake zote. Baada ya siku mbili Odessa akapiga mwenyewe.

"Mama Saari, nina karatasi yenu hapa. Kuna safu ya pembe."

"Ndiyo. Yeye hana."

"Na juu yake kuna mwingine, ratili mia na themanini, pembe zenye ncha nane. Huyo naye ni mteja wetu?"

"Hapana. Huyo tumeshamla."

Lorna aliweza kusikia mtu akijizuia kucheka kazini, jambo gumu kwa yeyote. Kisha Odessa akasema kwa sauti ya kiofisi kwamba haoni kanuni inayosema mgonjwa asipimwe akiwa hewani, na kwamba ataipeleka juu na maelezo yake.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Limekubaliwa. Lorna aliisoma barua mara tatu, akatafuta neno "ila" na hakuliona. Akampigia karani wa Daktari Haddadi, akaiweka simu juu ya meza ili Arvid naye asikie, maana alikuwa ameketi pale na bakuli lake la supu ya kabichi.

Karani alisema amebakiwa na nafasi moja kabla ya mkataba kwisha, tarehe tisa Januari. Akataja na masharti. Wiki sita baada ya kisu, mgonjwa asinyanyue kitu wala asiendeshe gari zito.

Januari na Februari ndiyo theluji yenyewe. Katika miaka ishirini na saba Arvid hakuwahi kukosa hata dhoruba moja. Aliugua homa akiwa ndani ya gari, na mtoto wao wa pili alizaliwa wakati baba yake akisafisha barabara ya kwenda hospitali. Lorna alikuwa ameshaandaa maneno ya kumshawishi, makali na matamu, tangu Juni.

"Tuandikie hiyo," Arvid akamwambia karani.

Simu ilipokatika, Lorna alimtazama. "Na theluji atasukuma nani?"

"Sijui. Watampa yule kijana wa Heikkinen. Atalivunja kila sanduku la barua kando ya barabara." Arvid alikuwa anakoroga supu bila kuila. "Na alivunje."

"Sikutegemea hilo kwako. Nilijua utaniletea ubishi."

"Lorna, mimi naogopa," Arvid akasema. "Tangu Leonard. Kila nikiinama kuokota kuni nasimama kwanza, nasikiliza moyo. Hata siku ile pale juu kwenye ndoana, watu wanacheka, mimi nilikuwa nausikiliza. Sitaki kufa."

Lorna alivuta kiti chake akakiweka ubavuni mwa kile cha mumewe. Alikaa akamshika mkono, ule wenye kijiko.

"Mwaka mzima," akasema, "nilidhani naogopa peke yangu."