Kisigino Kwenye Bwawa la Ubatizo

Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi, maana huko mbele mimi mwenyewe hamu ya kucheka iliniisha.

Kuna Jumapili nilisimama ndani ya bwawa la ubatizo, nguo zote mwilini, maji kiunoni, kisigino nimekikandamiza kwenye tundu la kutolea maji. Watu wanabatizwa mmoja mmoja ubavuni kwangu, mimi hata kujikuna siruhusiwi.

Nikiinua mguu tu, maji yote yanaondoka.

Na aliyeliharibu hilo bwawa ni mimi.

Mimi ni fundi bomba. Kanisani nilikuwa mtu wa misiba na harusi, na hata huko nakaa karibu na mlango. Mke wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Tulikutana kwenye muziki, tukapendana kwenye muziki, na Jumamosi ilikuwa siku yetu. Watoto kwa shangazi yao, sisi ukumbini mpaka miguu iume.

Halafu akaokoka.

Wala hakuokoka kwa kelele. Hakunihubiria, hakuniita mpagani, hakuninunia. Nikimwambia twende, ananijibu kwa upole, "Nenda, baba watoto. Mimi huko nimeshatoka."

Ile "nimeshatoka" ilikuwa inanikata maini.

Kijiweni nako wakanimaliza. Fundi mwenzangu, tunamwita Spana, akaniuliza, "Ameshabatizwa?"

"Jumapili hii."

"Basi kwisha habari yako. Akizama huyo, anaibuka mke wa kanisa. Wewe utakuwa mpangaji tu mle ndani."

Nilicheka. Lakini niliogopa, tena niliogopa kweli kweli. Nilimpenda mke wangu, na nilimwona anaondoka huku bado tunakula meza moja.

Sasa si ndiyo mchungaji akanipigia simu? "Fundi, bwawa letu linavuja. Mkeo anasema kazi yako ni ya uhakika."

Yaani ni yeye mwenyewe aliyenitafutia ile kazi!

Jumamosi nikaenda. Kina mama walikuwa ndani wanasugua sakafu na madirisha, mke wangu akiwa nao. Bwawa liko uani, la saruji na vigae, chini lina tundu na kizibo cha chuma. Kizibo kinakalia mpira, na ule mpira ulikuwa umechakaa. Kuweka mwingine tu, basi. Kazi ya kitoto.

Nikaweka mpya. Mchungaji akakagua, akanishika mkono, akasema Mungu akubariki, akaenda zake.

Nikatazama huku na huku. Nikafungua kizibo, nikauchomoa ule mpira mpya, nikautupa chooni. Nikarudisha chuma kitupu na kufungulia maji. Bwawa likajaa vizuri tu, huku chini linavuja taratibu.

Nilijua mpaka asubuhi litakuwa kavu. Na maji yetu ni ya mgao, hayarudi mpaka katikati ya wiki. Nikasema moyoni, ubatizo ukiahirishwa, na yeye atapoa. Kila mtu hupoa.

Jumapili alitoka alfajiri, akarudi kunichukua, nikaongozana naye. Aliniomba, "Njoo unione tu." Ningekataaje?

Tukakuta mchungaji ameshika kichwa. "Fundi, imekuwaje?"

"Labda kizibo ni cha zamani," nikasema, bila hata kupepesa jicho.

Ndipo watu wakaanza kuingia getini na maji. Mwalimu na ndoo mbili, kinyozi na beseni, muuza mboga na madumu kwenye mkokoteni. Wengine walikuwa wametoka nayo majumbani kwao kabisa. Sikujiuliza wamejuaje.

Nyuma yao akaja Bibi Mkongojo, tunamwita hivyo kwa sababu ya fimbo yake. Fimbo mkono mmoja, dumu kichwani, shingo inatetemeka.

"Nitue, mwanangu," akaniambia. "Haya yalikuwa ya kupikia. Lakini leo watu wanazaliwa upya, tutakula hata kiporo."

Nilimtua. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maji yakimiminwa, mengine yanatoka. Mchungaji akaniuliza hakuna namna? Maduka ya vifaa yamefungwa, mpira uko chooni. Nikaingia bwawani na viatu vyangu, nikang'oa kile chuma kisichoziba tena, nikaweka tambara kwenye tundu na kisigino juu ya tambara, nikaweka uzito wote.

Yakatulia.

"Ubarikiwe, fundi!" watu wakapiga makofi. Wallahi sijawahi kupigiwa makofi yanayouma vile.

Ubatizo ukaanza. Dereva mmoja wa lori, pande la mtu, alizamishwa nusura aning'oe pale nilipo. Mke wangu akawa wa mwisho.

"Mama, unamkiri Yesu kuwa Bwana na Mwokozi wako?"

"Namkiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nife. Mume wangu akinicheka, namkiri. Akiniacha, nitalia, lakini namkiri."

Aliyasema hayo akinitazama mimi, na wala hakuwa na hasira. Akazama. Akaibuka, maji yanamchuruzika, uso umetulia kama mtu aliyefika kwake.

Nikajiona mdogo kuliko hata kile kizibo.

"Mchungaji," nikasema, "mpira niliutoa mimi. Kwa makusudi. Sikutaka abatizwe."

Kila mtu ananitazama.

"Mungu wangu," Bibi Mkongojo akasema, "na shingo yangu hii!"

Mchungaji akanisogelea. "Mbona unasema sasa? Hakuna aliyekuwa anajua."

"Siwezi tena kusimama humu kama fundi. Nibatize na mimi."

"Hujapita hata darasa moja. Hiyo ni aibu au ni imani?"

"Aibu ninayo, tena nyingi. Lakini namkiri. Mpaka nife."

"Ukiinua huo mguu, maji hayarudi. Hapa hakuna kujaribu."

"Najua. Mimi ndiye fundi."

Akasita. Bibi Mkongojo akagonga fimbo sakafuni. "Mchungaji, mzamishe haraka! Maji yangu yasipotee bure!"

Nikainua mguu. Maji yakaanza kuguguma chini. Mchungaji akanikamata kifua na mgongo, akanilaza mpaka nikagusa vigae. Niliposimama, maji yalikuwa mapajani na bado yanashuka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, wote tumelowa. Nikaanza kumwomba mke wangu msamaha. Akanikatisha.

"Nilikuona jana. Nilikuwa nasugua dirisha la uani."

Nikasimama katikati ya njia. "Ulijua?"

"Asubuhi nilipotoka mapema, ulidhani nimekwenda wapi? Nilikuwa nagonga milango ya watu. Leteni maji, nikawaambia, na msiniulize kwa nini."

"Si ungenizuia? Si ungenitaja?"

"Kukuzuia, ningezuia mkono. Moyo ningeuzuiaje?" Akajifuta uso. "Kubatizwa ningebatizwa tu, hata ungebomoa lile bwawa. Nilichomwomba Mungu ni usikimbie."

Nililia barabarani, mtu mzima mimi, watu wanapita.

Nimesamehewa, hilo naliamini, na sirudi nilikotoka. Lakini nikimkuta Bibi Mkongojo anajikanda shingo, nainamisha kichwa. Nikitaka kumwomba radhi tena, ananifukuza kwa fimbo.

Ndugu yangu, mwenzako akijitoa kwa Mungu moja kwa moja, usimzibie njia ukajiambia ni mapenzi. Mimi nilidhani nampigania mke wangu. Kumbe nilimpeleka kwenye siku kubwa kuliko zote za maisha yake akiwa peke yake, anagonga milango ya watu alfajiri, anaificha aibu yangu.