Kipimo cha Upepo cha Bwana Mpima Ardhi

Wakati wa Mjerumani nilikuwa mtu wa motokaa pale Dodoma. Sikuendesha, aliyeendesha ni bwana mwenyewe, mpima ardhi. Mimi niliosha, nikatia mafuta, nikajaza upepo matairi yote manne kwa pampu ya mkono, kazi ya kumtoa mtu jasho hata kwenye baridi ya alfajiri.

Bwana alikuwa na kipimo kidogo cha shaba, na kitabu cha kwao kilichosema mshale ufike alama fulani. Nikijaza alfajiri, mshale ulikaa pale pale. Yeye alikunywa kahawa, akaandika barua zake, akatoka saa sita mchana, motokaa imeshinda juani hata chuma hakishikiki. Akipima, mshale umepita alama.

"Umezidisha," alisema, na kuufungulia upepo wangu utoke.

Kesho yake alfajiri matairi yamebonyea, na safari ya Mpwapwa iko tayari. Ruhusa ya kuongeza sina, kwa kuwa bwana ameshapima. Njiani tairi laini lilibanwa kati ya jiwe na chuma cha gurudumu, mpira wa ndani ukachanika. Nikaziba. Likachanika la pili, nikaziba. La tatu, bwana akaniita mvivu. Likipasuka jingine, alisema, nitapelekwa boma nikale viboko ishirini na tano. Jirani yangu alishavila. Alilala kifudifudi siku nne. Niliogopa, lakini zaidi nilikereka.

"Bwana, ni joto," nikamwambia. "Upepo ukipata jua hutuna. Tupime alfajiri."

"Kitabu hakisemi alfajiri."

Nilimsihi mpaka akakubali kujaribu. Akaamka mapema, amenuna, akapima: mshale kwenye alama. Nikamwomba aifungie pampu chumbani mwake, ufunguo akae nao yeye. Saa sita akapima tena. Mshale umepita. Moyo ukanijaa furaha, nikamngoja aseme mwenyewe.

Akakigeuza kipimo, akakitikisa karibu na sikio.

"Kimeharibika," akasema, akakitupa.

Ningeweza kulia. Akaandika Dar es Salaam kuagiza kingine. Jibu likaja kwamba dukani kimebaki kimoja tu, kitaletwa. Na kwa sasa, akaniambia, nijaze nionavyo mwenyewe.

Nikajaza alfajiri, nikibonyeza kwa dole gumba. Tulikwenda Mpwapwa na kurudi mara mbili, tairi halikupasuka hata moja. Bwana akayasifu matairi.

Kisha gari moshi likaleta kile kipimo, nikatumwa stesheni kukichukua. Nilikifungua nikiwa bado pale. Kilikuwa kipya, kinang'aa, na nilijua kesho saa sita kitasema nini, na keshokutwa mgongo wangu utakuwa wapi. Nikakiweka juu ya reli, nikatafuta jiwe la kutosha mkono, nikakipiga mara mbili.

Nilimwambia bwana kimeniponyoka. Akatazama vile vipande, akaniita mzembe, akaniandikia cheti cha boma: viboko kumi.

Viliniuma sana, sitasema uongo. Lakini nilipokuwa nimelala pale niliwaza kwamba walau safari hii napigwa kwa jambo nililolifanya. Siku ya tatu niliamka alfajiri, mgongo bado mbichi, nikachukua pampu.