Mifereji Minane

Sijui kutulia. Hata leo nikimngoja mtu kwa dakika tano, nitahesabu vifungo vya shati langu, kisha madirisha ya nyumba ya jirani. Asubuhi ya somo langu la mtihani nilikuwa nimeshahesabu ngazi zote za udongo kati ya nyumba yetu na bomba la maji, kushuka na kupanda, na saa moja ilikuwa haijafika.

Nilisomea ualimu wa hesabu hapahapa Bukavu. Mwaka uliotangulia nilianguka katika somo hilo la kufundisha mbele ya msimamizi, na nikianguka tena, chuo basi. Kwa hiyo nilichagua kitu cha kuwashangaza wanafunzi: nanasi. Magamba yake yamepangwa katika safu zinazozunguka kutoka chini hadi juu. Hesabu zinazolalia upande mmoja, utapata nane. Za upande wa pili ni kumi na tatu, na zile zinazopanda karibu wima ni ishirini na moja. Nane na kumi na tatu ni ishirini na moja! Nani alilifundisha nanasi kujumlisha? Nilitafuta zuri, la kisiwa cha Idjwi, nikatia kila safu alama ya kalamu, nikaliacha mezani.

Niliporudi kutoka bombani, mama alikuwa amelimenya.

Lilikuwa zima katika sahani ya wageni, limefunikwa kitambaa cheupe. Maganda pamoja na alama zangu yalikuwa mdomoni mwa mbuzi wa jirani.

"Maman, umefanya nini?"

"Si ulisema professeur anakuja kukuangalia? Mugeni hawezi kupewa ananasi iko na miba. Watauliza ulilelewa na nani."

Kwake msimamizi alikuwa mgeni, na mgeni hapewi kazi ya kumenya. Nililijua hilo tangu utoto, na bado nilimfokea. Nilimwambia hajui lolote kuhusu shule, kwamba ameniua. Alinyoosha kitambaa, akanipa sahani.

Nilipanda mlima kwenda shuleni nikilia kwa hasira, matope hadi vifundoni. Msimamizi alikuwa ameshaketi nyuma ya darasa na daftari lake. Niliandika namba ubaoni, chaki ikavunjika mara mbili. Nikawaambia wanafunzi kwamba katika nanasi watakuta safu nane, huku nikijua sina cha kuwaonyesha. Nikafunua sahani.

Mama hakuwa ametoboa macho ya nanasi moja moja. Kisu chake kilikuwa kimefuata safu, kikachimba mifereji iliyolala mshazari kuzunguka tunda lote. Nililishika kwa kikonyo nikaligeuza polepole, na darasa zima likahesabu kwa sauti: un, deux, trois... Walipofika huit, yaani nane, mfereji wa kwanza ukarudi mbele yetu. Wakapiga kelele, wakataka tuhesabu tena.

Baada ya somo msimamizi alikula kipande, kisha cha pili.

"Ile namna ya kukata ndiyo imekuokoa," alisema. "Ni weye ulifikiria?"

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi."

Nilifaulu. Jioni nilimkuta mama mlangoni. Hakuuliza kuhusu mtihani.

"Alikula?"

"Alikula, maman."

"Alisema nini?"

"Alisema imekatwa muzuri."

Alicheka akajifunika mdomo kwa mkono. Niliona aibu, lakini sikumwambia nilichomjibu msimamizi.

Sasa mimi ni mwalimu, na kila mwaka napeleka darasani nanasi lililomenywa. Mifereji yangu hupinda, ila ni minane. Mama naye hajaacha kuwasimulia wageni jinsi professeur mzima alivyosifu kisu chake. Huinua kidole na kuniangalia nithibitishe. Kila akifika hapo, mimi huinuka na kwenda kutafuta kazi nje.