Bomba la Uani

Juzi sokoni Buguruni alinipita mama mmoja ananukia maua ya mlangilangi, nikamkumbuka Rukia aliyekuwa akinukia hivyo hivyo.

Rukia alikuwa binti wa shangazi yangu aliyeolewa Moroni, kule Komoro. Siku walipokuja kututembelea Temeke, nilijificha chumbani. Niliamini kila apandaye ndege ametoka nchi ya watu wenye nafasi, na sie bomba letu lilikuwa moja tu uani, la wapangaji wote.

Mchana ule Rukia akalifungua. Maji yakamwagika kwa kishindo kwenye ndoo.

"Mama, njoo uone," akaita. "Yanatoka yenyewe."

Nilidhani ananicheka, nikatoka nimenuna. "Kwani kwenu hakuna maji?"

"Tunakinga mvua. Inatoka kwenye bati, inaingia kwenye tangi la saruji. Mvua ikikata, tunanunua."

Hasira ikageuka wivu. Nikaona wenzetu wana bahati, wanakunywa mvua kila siku.

"Ina ladha gani?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Ya bati."

Tulicheka, ndoo ikifurika, mpaka tukaloana. Mama alitoka jikoni mbio kuja kufunga bomba, lakini shangazi akamshika mkono.

"Wifi, liache kidogo."

Akavua viatu, akakunja khanga, akaingiza miguu kwenye maji na kufumba macho. Leo najua kwa miaka alikuwa akipatamani pale uani, alipoishi kabla ya kuolewa. Siku ile niliona tu mtu mzima anachezea maji ya kwetu, nikajiona mtoto wa nyumba ya kitajiri.