Nyuma Yako Kuna Nani?

Asubuhi ile ya darajani bado naiona, mwanangu. Serikali ilikuwa ndiyo kwanza imeruhusu biashara huria, na Mwanza nzima ilikuwa inauza kitu. Mimi na shoga yangu Nyamizi, mama yako, tulichukua dagaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tukawa tunawapeleka gulioni upande wa Misungwi. Raha iliyoje siku zile! Tulicheka njia nzima, beseni kichwani.

Gari lilitushusha mtoni, mwisho wa safari yake. Daraja lilikuwa moja tu, la treni, magari na waenda kwa miguu, reli zimelala katikati ya mbao. Ng'ambo alikaa Mzee Lubango, mlinzi wa daraja, na bendera zake mbili, ya kijani na nyekundu. Kila aliyevuka alimwamkia, naye alimuuliza, "Nyuma yako kuna nani?" Ukijibu hakuna, anainua bendera ya kijani, treni inapita. Ukimtaja mtu mwenye mzigo, anakurudisha ukampokee. Ndiyo ilikuwa desturi yake.

Siku hiyo kulikuwa na ukungu mzito. Mama yako alikuwa na mimba yako wewe, akitembea polepole, nami nilitaka kuwahi nafasi ya mbele gulioni. Nikamwacha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nyuma yako kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Nilijidanganya kwamba atafika kabla ya treni. Bendera ya kijani ikapanda, treni ikaanza kuja. Mara nikasikia sauti ukunguni, katikati ya daraja: "Kabula! Nisubiri, shoga!"

Mzee Lubango alitupa ile ya kijani, akakimbilia relini na nyekundu. Treni ilisimama mdomoni mwa daraja. Mama yako akatokeza, beseni kichwani, anacheka. "Mbona umenikimbia?"

Mzee alikaa chini. Hakunigombeza. Alisema tu, "Binti, kukiwa na ukungu, macho yangu ni ninyi mnaovuka."

Mama yako nilimwambia ukweli siku uliyozaliwa. Alilia sana, kisha akanipa nikubebe.

Sasa umepata duka lako Nyamagana, na nimefurahi mno. Lakini utakapovuka, mwanangu, usiseme umevuka peke yako. Mtaje aliye nyuma, urudi umpokee mzigo, hata kama utachelewa. Mungu akuvushe salama, na kila ng'ambo utakayofika, awepo mtu wa kukuuliza.