Mkono Uliosikia Samaki

Nilishuka stendi ya Nyegezi nikitokea machimboni Geita, begi moja, viatu vimejaa udongo mwekundu. Basi lilikuwa limepita juu ya daraja la Busisi kabla sijamaliza kushangaa. Zamani pale tungesubiri kivuko na ningekula mahindi ya kuchoma. Dada alikuwa amenipigia: njoo, baba anataka kwenda ziwani na mimi nimechoka kumzuia.

Baba alipata kiharusi kabla ya masika. Mguu ulirudi, mdomo ukanyooka, lakini mkono wa kulia ukabaki na ganzi. Dada, anayekaa naye Buswelu, alishapata mtu wa kununua boti yake ya kuvulia. Baba akakataa. Walibishana mpaka wakafika hapa: ataenda kuvua siku moja. Mkono ukimsikia samaki, boti inabaki. Usipomsikia, iuzwe.

Baba hakuwa mvuvi wa nyavu. Ujanani aliendesha boti za wageni waliokuja kuvua sangara kwa starehe, na walipoacha kuja yeye akaendelea na mtindo wao, ila bila fimbo zao za kuvulia. Anachonga furu wa mbao, mfano wa kisamaki anachopenda sangara, anamtia ndoano, anamfunga kwenye uzi mrefu, kisha boti inamkokota polepole. Uzi unapita juu ya kidole cha shahada kilichovishwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kidole ndicho kinachojua. Furu akiogelea vizuri, uzi unatetemeka; akinasa majani, mtetemo unakufa. Sangara, alisema baba, anagonga mara moja tu, kama mtu anayejua kwamba umo ndani.

"Si ushike kwa kushoto?" nilimuuliza tulipoondoka na boti mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha, dada akibaki amekaa juu ya jiwe na kanga yake kichwani. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha.

"Kushoto hakujui kitu. Ni kama kukutuma wewe."

Nilishika injini nyuma. Yeye alikaa katikati akinitazama, uzi ukipita kando yangu kwenda majini. Kidole alikikunja mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kama anayepanga kitu mezani. Tulipita kando ya miamba, tukarudi, tukapita tena. Jua lilipanda. Nilijaribu kupata huzuni nikakuta hakuna, ni joto la injini na harufu ya petroli. Nikahesabu ndege waliokaa juu ya mawe, nikawaacha.

Boti ya dagaa ilitukaribia. Ndani yake alikuwamo mtani wa baba wa siku nyingi, mzee mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile.

"Wewe mzee! Nasikia mkono mmoja umetangulia kaburini. Huo mwingine unangoja nini?"

"Unangoja kukuchimbia wewe."

"Utachimba kwa kijiko?"

"Kwa kijiko. Una mwili gani wa kuhitaji jembe?"

Mtani alicheka mpaka akakohoa, akatutupia muwa, akaenda. Baba alibaki anatabasamu. Akaanza kunisimulia habari za mgeni mmoja aliyeogopa samaki akishavuliwa, anapanda juu ya kiti na viatu vyake.

Alikuwa katikati ya habari hiyo nilipouona uzi ukienda upande. Haukwenda kama unaonasa majani. Ulikaza, kidole kikavutwa kikanyooka, mpira wa baiskeli ukateleza hadi kwenye kiungo. Baba aliendelea kusimulia. Mgeni alikuwa bado juu ya kiti.

Niliendelea kushika injini. Sijui nilingoja nini. Labda nilitaka kumpa kidole muda.

Halafu akanitazama usoni, akakatiza maneno.

"Ameshika?"

"Ameshika."

Alikitazama kidole. Uzi ulikuwa umeshakata ngozi na damu ilishuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, naye aliiangalia kama anaangalia damu ya jirani.

"Basi vuta," alisema.

Nilizima injini nikavuta. Alikuwa sangara wa kadiri, mnene, macho yakiwaka rangi ya machungwa. Mikono yangu miwili ilimsikia vizuri kabisa, kila alipokataa na kila alipochoka, na ndani yangu hakuna kilichojibu. Nilimfunga baba kidole kwa kitambaa changu. Tulikula muwa wa mtani tukirudi.

Dada alimwona samaki kabla hatujafika, akapiga kigelegele, akaingia majini mpaka magotini.

"Kwa hiyo umesikia! Baba, mkono umesikia?"

"Muulize dereva," alisema baba.

Dada akanigeukia, mikono bado iko juu. Nikamwambia haukusikia. Akaishusha. Akamchukua samaki, akaosha boti ingawa haikuwa na uchafu.

Nyumbani kwetu kichwa cha sangara ni cha aliyeshika uzi. Hakigawanywi, hata mgeni hapewi. Jioni ile dada alikiweka kwenye sahani ya baba bila kuuliza, pamoja na kijiko anachotumia siku hizi kwa mkono wa kushoto. Baba alikitazama, akaisukuma sahani mpaka kwangu.

"Kula wewe."

"Baba, uzi ulikuwa kwako."

"Ulikuwa umenipitia tu. Kula, kinapoa."

Nilikula. Nilitoa macho, nikafyonza mashavu, nikavunja mfupa mmoja mmoja kama alivyonifundisha. Asubuhi mnunuzi alikuja kuichukua boti, na baba akamwonyesha jinsi ya kuwasha injini ile isizime.